Mtego wa Taji-dhahabu

Kwa miaka tisa Hester Tranter aliutaka uongozi wa matembezi ya ndege pale Hopwardine, na kwa miaka tisa aliukosa kwa vikombe. Ndivyo wanavyopiga kura wanachama wa chama kile kidogo. Jumapili ya tatu ya Machi huuzunguka Msitu wa Brindle, kisha huketi juu ya magogo kwenye uwanda wa juu, wakamimina chai, na mtu akitajwa jina, wanaomtaka huinua vikombe. Mwenye vikombe vingi ndiye anayeshika fimbo mwaka mzima, katika matembezi ya kila mwezi.

Na si fimbo ya kutembelea tu. Ukisikia ndege kwenye matembezi yale, huwezi kumwandikisha mwenyewe. Lazima kiongozi naye amsikie, ainue fimbo juu, aseme, "Andika," ndipo Bwana Fosbrook, karani, amwingize daftarini. Fimbo isipoinuliwa, ndege huyo hakuwepo, hata kama amekutua begani.

Mshika fimbo alikuwa Ambrose Pugh, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mrefu wa miaka sabini na minne, anayezungumza na watu wazima kana kwamba hawajamaliza kazi ya nyumbani. Mwaka jana Hester alimwona yule ndege mdogo wa kahawia anayepanda mti kwa kuuzunguka kama panya. Alimwonyesha Ambrose. Ambrose akatega sikio, akangoja, akasema, "Sikumsikia. Haandikwi." Hester alikuwa amepeleka barua katika mashamba yale kwa miaka thelathini na mmoja, mvua na theluji, na hakuna mbwa wala mti asioufahamu. Maneno yale mawili yalimkaa kooni mwaka mzima.

Ndiyo maana Jumamosi, siku moja kabla ya matembezi, aliingia dukani kwa Olwen Bevan, mwoka mikate, akangoja wateja watoke, kisha akaegemea kaunta na kunong'ona:

"Shoga, nimemshika."

"Nani?"

"Mwalimu. Hasikii."

Olwen aliacha kufuta meza. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mnene, mwenye unga kwenye nyusi kuanzia alfajiri hadi kufunga duka. "Hasikii vipi, na juzi nilimtania kwa nyuma akanigeukia?"

"Sauti nene anasikia. Nyembamba hazimfikii tena. Uzee huo, unaanza na zile za juu kabisa. Nimemchunguza tangu Oktoba. Ndege mwenye sauti nyembamba akiimba, Mwalimu haangalii mti. Anatuangalia sisi! Anangoja mtu mmoja anyanyue uso, wa pili anyanyue uso, ndipo na yeye anainua fimbo. 'Andika.' Mwizi wa masikio ya watu, yule."

"Maskini," alisema Olwen.

"Maskini gani? Alinifutia ndege wangu!"

Kisha akaueleza mpango. Baada ya geti la mtunza msitu kuna misonobari saba. Hapo ndipo huwa wanamsikiliza taji-dhahabu, ndege mdogo kuliko wote nchini, mdogo kama kidole gumba, mwenye utepe wa njano utosini na sauti nyembamba kama sindano. Hester na Olwen wangesimama mbele ya msonobari wa tatu, wakanyanyua nyuso kwa pamoja, wakafungua midomo kidogo kama watu waliosikia jambo tamu. Mwalimu angewaona. Angeinua fimbo. Na hapo, mbele ya wote, Hester angeuliza: ndege gani?

"Na kama yupo kweli?"

"Hayupo. Unanifanya mtoto? Nimetoka huko sasa hivi. Nimesimama chini ya ule msonobari robo saa nzima, sikio juu. Kimya kitupu. Hakuna hata mbawa."

Olwen alichukua mkate, akauzungusha kwenye karatasi taratibu kuliko ilivyohitajika. "Sipendi, dada. Mzee wa watu."

"Kunyanyua uso tu. Hutasema neno. Uongo hauna uso."

"Wako unao," alisema Olwen, lakini alicheka, na Hester akajua amempata.

Jumapili ilianza na ukungu mwepesi, na matope yaliyoganda juu yakawa yanavunjika kama biskuti chini ya gambuti. Watu kumi na mmoja walijitokeza. Majani ya vitunguu saumu vya msituni yalikuwa yameanza kuchomoza kando ya njia, mabichi kabisa katikati ya majani makavu ya mwaka jana, na jua lilipopanda kidogo msitu wote ukaanza kupiga kelele. Chiriku alirudia wimbo wake uleule kama anayekariri somo asilolielewa. Kigogota akagonga mbali, akanyamaza, akagonga tena.

"Kigogota," alisema Ambrose, fimbo juu. "Andika."

"Nimeandika, Mwalimu," alisema Bwana Fosbrook, ambaye penseli yake ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye kifungo cha koti.

"Chiriku. Andika. Njiwa-mwitu wawili. Andika. Huyo ni mbwa wa kwa Prosser, usiandike."

Watu wakacheka. Hester naye alicheka, kidogo kupita kiasi. Alikuwa na furaha mbaya, ile ya mtu aliyeficha zawadi ya mzaha chini ya kiti cha mwenzake na anamngoja akae. Alitembea nyuma ya Ambrose akimtazama kisogo, kofia ya sufi, mabega yale yasiyoinama. Akawaza jinsi atakavyoishika ile fimbo. Hangekuwa mkali. Angesema "Andika" kwa upole. Angewaandikia watu ndege waliowaona kwa macho yao, na mwanamama yeyote aliyefanya kazi ya kubeba mifuko mizito kwenye barabara zile angepata kusikilizwa. Alikuwa ameshaandika hotuba fupi kichwani. Ilianza na maneno "Marafiki zangu," na ilikuwa na sehemu moja nzuri kuhusu ukweli.

Walipita geti la mtunza msitu. Misonobari saba ilisimama kwenye mstari, myeusi, vichwa vyake ndani ya mwanga. Watu walijipanga bila kuambiwa, kama wanavyofanya kila mwaka. Ambrose akasimama pembeni, mikono miwili juu ya kichwa cha fimbo.

"Kimya sasa," alisema. "Hapa ni pa masikio, si pa midomo. Prudence, biskuti hiyo."

Prudence akaacha kutafuna.

Hester alihesabu hadi kumi. Akamgusa Olwen kwa kiwiko. Kisha akanyanyua uso wake kuelekea msonobari wa tatu, akainua nyusi, akafungua midomo kidogo. Kwa pembe ya jicho alimwona Olwen akifanya vivyo hivyo, na alishangaa. Yule mwanamke alikuwa mwigizaji! Uso wake wote ulilainika, macho yakang'aa, kichwa kikainama upande kama mtu anayesikia jina lake likitajwa kwa mapenzi. Hata wengine wakaingia kwenye mtego. Prudence akatabasamu akitazama kilele cha mti. Bwana Fosbrook akanyanyua penseli. Kondoo, aliwaza Hester. Unawanyanyulia uso, na wao wananyanyua.

Sekunde moja ikapita. Mbili.

Fimbo ikapanda.

"Taji-dhahabu," alisema Ambrose. "Dume, mmoja. Andika."

Moyo wa Hester uliruka kama samaki kwenye ndoo. "Una hakika, Mwalimu?"

"Hakika kabisa."

"Yuko wapi?"

"Msonobari wa tatu, Bibi Tranter. Juu, upande wa kushoto."

"Unamsikia vizuri?"

"Kama ninavyokusikia wewe, na yeye ananipendeza zaidi."

Watu walicheka tena. Hester akaacha kicheko kiishe. Akavua glavu moja, kwa sababu katika ndoto zake zote za jambo hili alikuwa amevua glavu.

"Marafiki zangu," alisema. "Hakuna ndege pale."

Penseli ya Bwana Fosbrook ilisimama juu ya daftari.

"Hakuna! Mimi na Olwen tumenyanyua nyuso tu, tukaigiza. Mwalimu Pugh ametuona, akainua fimbo. Ndivyo anavyofanya tangu Oktoba. Hasikii ndege wadogo tena. Anatusikilizia nyusoni! Na mtu huyu ndiye aliyenifutia ndege wangu mwaka jana, akasema hakumsikia. Nasema haya bila chuki." Alitafuta ile sehemu nzuri kuhusu ukweli, lakini ilikuwa imemtoroka. "Nasema tu kwamba fimbo inataka masikio."

Alingoja mshtuko. Alitegemea watu wamgeukie Ambrose, lakini walikuwa wamemgeukia yeye. Na walikuwa wanamtazama kwa namna ambayo mtu hutazamwa akitoka chooni na sketi imenasa kwenye soksi, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumwambia.

Olwen akamshika mkono wa koti. "Dada," alisema polepole. "Yupo."

"Nani yupo?"

"Taji-dhahabu. Anaimba."

"Acha mchezo, Olwen, tumeshamaliza."

"Sichezi. Kabla hujanigusa kiwiko nilikuwa nimeshamsikia. Nilidhani na wewe umemsikia, na umeghairi mpango. Nikafurahi sana." Uso wa Olwen ulikuwa umeiva kwa aibu. "Anaimba hata sasa hivi. Anaimba kwa nguvu kabisa."

"Anaimba sana," alisema Prudence kwa huruma.

"Jana hakuwepo," alisema Hester. "Nilisimama robo saa."

Mara tu baada ya kusema hivyo, alisikia alichokisema.

Hapo ndege mwenyewe akashuka. Labda zogo lilimkera, labda kulikuwa na mdudu. Alijirusha kutoka kileleni, tawi hadi tawi, akatua kwenye ncha ya tawi la chini, mbali na pua ya Hester kwa urefu wa mkono mmoja. Alikuwa kitu cha ajabu kwa udogo wake, kijani kama mwani, macho kama vichwa vya pini nyeusi. Utosini utepe wa njano ulifunguka kama karatasi inayoshika moto. Akanyoosha shingo. Akafungua mdomo.

Hester aliuona mdomo ule ukitetemeka. Aliona koo likicheza, manyoya ya kifua yakipanda na kushuka, mwili wote ukitikisika kwa kazi ya kuimba. Na hakukuwa na sauti. Ilikuwa kama kumtazama mtu nyuma ya kioo cha treni akikuambia jambo la muhimu wakati treni inaondoka. Alisikia chiriku nyuma yake. Alisikia tumbo la Bwana Fosbrook. Ndege aliyekuwa mbele ya macho yake hakumsikia hata kidogo.

Mara ya mwisho alimsikia lini? Majira ya kuchipua yaliyopita? Yale ya kabla yake? Alidhani ndege wenyewe wamepungua. Hata aliwahi kuandika barua kuhusu jambo hilo kwa gazeti la wilaya, barua kali, na ikachapishwa. Na tangu Oktoba, alipokuwa akimchunguza Mwalimu anavyowachunguza watu nyusoni, mbona yeye mwenyewe alikuwa anatazama nyuso?

Aligeuka kumtazama Ambrose. Alitarajia kuona uso wa ushindi. Ambrose hakuwa anamtazama. Alikuwa ameinama kidogo kwa mara ya kwanza tangu Hester amjue, akimkodolea macho ndege, midomo yake wazi, kichwa kimeinama upande mmoja, kisha upande wa pili, kama mtu anayejaribu funguo mbili kwenye kufuli moja. Macho yao yakakutana. Akajiweka sawa haraka. Lakini Hester alikuwa ameona, na Ambrose alijua ameonwa.

Ingekuwa rahisi kusema, "Nilitania tu." Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Watu wangecheka, wangesahau, na mwakani angejaribu tena.

"Sikumsikia," alisema Hester. "Jana sikumsikia na leo simsikii. Hapo alipo, simsikii. Nisameheni." Akavaa glavu yake.

"Twendeni," alisema Ambrose kwa sauti iliyokauka. "Chai inapoa."

Kwenye uwanda wa juu hakuna aliyekaa karibu na Hester, si kwa ubaya bali kwa kutojua waseme nini. Olwen pekee alijibana naye kwenye gogo, akampa kipande cha keki kikubwa mno. Chai ikamiminwa. Bwana Fosbrook akasimama, akajikohoza. Alisema kwamba kwa kuwa, hmm, kutokana na mambo yalivyokwenda, anadhani hakuna haja ya kurefusha. Anamtaja Mwalimu Pugh.

Vikombe vikaanza kupanda. Kimoja, vitatu, sita. Hester alikitazama kikombe chake, akavuta pumzi, akakiinua pia. Alitaka kufanya jambo moja la heshima siku ile.

"Teremsha hicho," alisema Ambrose.

"Ni kura yangu."

"Teremsha, Hester. Teremsheni wote." Alikuwa amesimama, na fimbo ilikuwa imelala kwenye nyasi. "Sikumsikia yule ndege. Nilisoma nyusi."

Mtu alimwaga chai.

"Nyusi za nani?" aliuliza Prudence.

"Zake." Alimwonyesha Hester kwa kidole cha kimwalimu. "Huwa nasoma zake. Nyusi za Hester zinaonekana kutoka barabara kuu. Nilidhani ndizo za kuaminika kuliko zote."

"Wewe!" Hester aliruka kutoka kwenye gogo. "Miezi sita unanisoma mimi, na mimi nakusoma wewe?"

"Inaelekea."

"Kwa hiyo siku ile ya Novemba, kule bwawani, nani alisikia?"

Ambrose alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Nadhani hakuna mtu aliyesikia."

"Lakini tuliandika wanne!"

"Tuliandika wanne," alikubali Ambrose, na ndipo kona ya mdomo wake ikacheza. Hester ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka kwa pua, na chai pia. Ambrose akafuata, kicheko cha juu cha ajabu ambacho hakuna mwanafunzi wa Hopwardine aliyewahi kukisikia, na kwa muda wale wazee wawili walisimama wameshikana mikono ya makoti, wakishindwa kusema. Bwana Fosbrook naye alikuwa akimuuliza kila mmoja kwa zamu, "Sasa nifute au nisifute? Wale wanne, nifute?"

"Na yule wa mwaka jana," alisema Hester alipopata pumzi. "Mpanda-miti wangu."

"Nilimwona," alisema Ambrose. Kicheko kilimwisha. "Nilimwona vizuri kama nilivyomwona huyu wa leo. Nilisubiri aimbe, na ninyi wengine mlikuwa mnatabasamu, na nikaelewa kwamba ameshaimba. Ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza. Niliogopa, Hester. Nikakufutia wewe." Akamgeukia karani. "Mwandike."

"Tarehe ya mwaka jana?"

"Ya mwaka jana."

Penseli ikaandika. Hester alikuwa na maneno mengi aliyoyahifadhi kwa ajili ya siku hiyo, na sasa hakuona la kufanya nayo.

"Sasa fimbo anashika nani?" aliuliza Prudence.

Wakatazamana. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama mtu aliyesikia kabla ya wote.

"Aka, mimi hapana," alisema Olwen. "Mimi nina mikate. Jumapili naamka saa tisa za usiku. Naombeni msinifanyie hivyo."

"Namtaja Olwen Bevan," alisema Hester. Alisikia sauti yake ikitetemeka kidogo, kwa sababu miaka tisa ni mingi. Akainua kikombe. Cha Ambrose kikapanda sekunde hiyohiyo, mwenyewe hamtazami mtu yeyote. Kisha vyote.

Njia ya kurudi inashuka tena kwenye misonobari. Olwen alitembea mbele na fimbo ameibeba kwapani kama mkate mrefu, akisahau kuinua, na Bwana Fosbrook akimkumbusha. Hester na Ambrose walibaki mwisho kabisa wa msafara. Walikuwa wakibishana ni nani aliye kiziwi zaidi, na kila mmoja akidai ni mwenzake, mpaka walipofika kwenye msonobari wa tatu na kuwakuta wengine wamesimama, nyuso juu.

Hester hakunyanyua uso wake. Alijipenyeza mbele hadi ubavuni kwa Olwen.

"Anaimba?"

"Anaimba, dada."

"Anasemaje? Nimeanza kumsahau."

Olwen aliona haya, akatazama watu. Kisha akashika pumzi, akaimba kwa sauti ya chini, ileile anayotumia akikanda unga, duara dogo linalorudia, linalorudia, linaharakisha, halafu mwishoni linajimwaga kama mtu aliyekimbia ngazi na kukosa ya mwisho. Ulikuwa upuuzi mtupu, mwanamke mzima akimwigiza ndege wa uzito wa karatasi. Hakuna aliyecheka.

Ambrose alikuwa amekuja taratibu upande wa pili, kofia mkononi.

"Ule mwisho," alisema. "Rudia ule mwisho, Olwen. Nadhani anaupandisha."

"Haupandishi," alisema Hester. "Anaushusha. Nakumbuka vizuri."

"Utakumbuka wewe?"

"Nyamazeni wote wawili," alisema Olwen, "mnanifanya nisimsikie." Akatega sikio, akangoja ndege amalize, kisha akawaimbia tena.